Kujenga Modeli Kubwa ya Manowari: Kuchagua Skeli, Seti na Meli

Modeli ya manowari huhesabiwa kuwa kubwa kuanzia skeli ya 1:350, ambapo sentimita moja mezani ni mita tatu na nusu baharini. Chini yake iko 1:700, skeli ya wakusanyaji wanaotaka kundi zima la meli kwenye rafu moja, na hiyo haihusiki hapa. Juu yake ziko 1:200, 1:144, 1:100 na 1:72. Kwenye boksi tarakimu hizi hazitofautiani sana; mlangoni zinatofautiana. Bismarck ya Ujerumani, iliyokuwa na urefu wa mita 251, hutoka na sentimita 72 katika 1:350 na sentimita 125 katika 1:200. Yamato ya Japani, mita 263, hutoka na sentimita 75 na 131. Modeli ya sentimita 72 hukaa juu ya kabati la vyombo. Ile ya sentimita 131 inadai meza yake yenyewe, kasha lake la kioo, na ridhaa ya watu wote wa nyumbani.

Urefu peke yake haumwambii mnunuzi mambo yote. Skeli ikikuzwa mara mbili, urefu huongezeka mara mbili, eneo la kupigwa msasa na rangi huongezeka mara nne, na ujazo mara nane. Vitu vya kuonyeshwa navyo huongezeka. Reli za kandokando ya sitaha, ambazo katika 1:350 zina milimita tatu hivi, zinaweza kuachwa bila wageni kugundua. Katika 1:100 zina sentimita nzima, na meli isiyo nazo huonekana haijamalizwa hata ukiwa upande wa pili wa chumba. Wengi hudhani skeli kubwa ni rahisi kwa sababu vipande vinashikika. Vinashikika kweli, ila ni vingi, na kila kimoja kinatazamwa kwa karibu.

Seti zinazouzwa ni za aina nne. Seti za plastiki ndizo zinazojulikana zaidi: Tamiya na Hasegawa za Japani, Trumpeter ya China, Revell ya Ujerumani, Airfix ya Uingereza. Tamiya ina sifa ya vipande vinavyoingiana bila kulazimishwa, na Yamato yake ya 1:350 iliyotolewa upya mwaka 2011 inathibitisha hilo. Trumpeter imekwenda mbali zaidi kwa ukubwa: Bismarck, Hood na Missouri zote imezitoa katika 1:200, kiwiliwili kikiwa kipande kimoja. Kiwiliwili cha kipande kimoja kina faida yake, kwani hakuna mshono wa kujaza, ila boksi lake ni refu kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Mtu wa Milola, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania, anayeagiza seti kama hiyo anapaswa kuifikiria safari ya boksi kabla ya kuifikiria meli: bandari au uwanja wa ndege Dar es Salaam, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kisha zaidi ya kilomita 400 kwenye buti la basi hadi Lindi, na kutoka Lindi kwenda bara kwa gari lolote litakalopatikana, pengine juu ya magunia ya korosho. Plastiki nyembamba ikikandamizwa kwenye joto kwa siku mbili hupinda, na kiwiliwili kilichopinda hakirudi sawasawa. Seti ya 1:350 huingia kwenye begi la abiria.

Aina ya pili ni rezini, ambayo hutolewa na karakana ndogo kwa meli zisizoshughulikiwa na viwanda vikubwa. Rezini hubeba alama ndogo vizuri sana, lakini milingoti na midomo ya mizinga ya rezini hulegea na kuinama kwenye chumba chenye joto, na vumbi lake linapopigwa msasa ni baya kwa mapafu. Hupigwa msasa kwa maji, mjenzi akiwa amefunika pua na mdomo. Aina ya tatu ni karatasi: Wajerumani huchapa meli zao katika 1:250 na Wapoland katika 1:200. Bei yake ni ndogo, na nyingine huuzwa kama faili la kuchapwa kwenye karatasi nene katika duka lolote la steshenari. Adui wake ni unyevu. Modeli ya karatasi inayojengwa wakati wa masika bila kupakwa vanishi ndani na nje hufura kwenye viungo kabla haijaisha. Aina ya nne ni seti za mbao. Hizo kwa kawaida ni za meli za matanga, na kwa mkazi wa mahali penye maseremala wazuri hakuna sababu kubwa ya kulipia vijiti vya mbao visafirishwe kutoka Hispania au Italia.

Baada ya skeli na seti huja swali la meli yenyewe, na hapa pwani ya kusini ina jibu lake. Bismarck na Yamato zimo katika orodha za viwanda vingi na zimejengwa na maelfu ya watu. Meli ya kivita iliyoacha alama katika maji ya hapa ni Königsberg, kruza nyepesi ya Ujerumani iliyoshushwa majini mwaka 1905 na kufika Dar es Salaam mwezi Juni 1914 chini ya Kapteni Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar na kuizamisha, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Lindi inaingia katika kisa hiki kwa mlango wa nyuma: mwezi Oktoba 1914 Waingereza walipekua meli ya abiria Präsident, iliyokuwa imejificha ndani ya mto Lukuledi, wakakuta karatasi zilizoonyesha kwamba makaa yalikuwa yakipelekwa Rufiji. Kabla mwezi haujaisha, Königsberg ilikuwa imeonekana. Iliangamia tarehe 11 Julai 1915, ikipigwa na Severn na Mersey, meli mbili bapa zilizovutwa kwa kamba kutoka Malta hadi Mafia.

Königsberg haimo katika orodha za kawaida za viwanda vikubwa vya plastiki. Iliyo karibu nayo ni Emden, kruza nyepesi nyingine ya Ujerumani, ambayo Revell imeitoa katika 1:350 pamoja na dada yake Dresden. Mjenzi anayetaka kuigeuza seti kuwa Königsberg achague Emden na si Dresden. Kwa juu zinafanana: mabomba matatu ya moshi, mizinga kumi ya sentimita 10.5, miwili sambamba mbele, mitatu kila upande katikati, miwili sambamba nyuma. Kwa chini hazifanani. Dresden iliendeshwa kwa tabo na ilikuwa na pangaboi nne. Emden na Königsberg zilikuwa na injini za pistoni na pangaboi mbili. Emden ilikuwa na urefu wa mita 118.3, Königsberg mita 115.3. Katika 1:350 tofauti hiyo ni chini ya milimita tisa, na watu wengi huiacha ilivyo. Anayeikata hulazimika pia kupanga upya nafasi za mabomba kwa kutazama picha za Königsberg yenyewe, maana picha za dada zake nazo zimejaa na ni rahisi kuchanganya.

Kwa anayetaka ukubwa wa kweli, njia iliyobaki ni kujenga bila seti, na skeli inayofaa ni 1:100. Hesabu yake haihitaji kikokotoo: mita ni sentimita. Kiwiliwili kinakuwa na urefu wa sentimita 115.3, upana wa sentimita 13.2, na sehemu iliyozama majini sentimita 5.3. Mtu mzima juu ya sitaha ana milimita 17. Uzito hukokotolewa kwa kugawanya kwa milioni moja, kwa hiyo meli ya tani 3,390 inakuwa modeli ya kilo 3.39. Tarakimu hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayoamua aina ya mbao.

Mvule na mninga ni mbao nzuri zinazojulikana na kila fundi, lakini kiwiliwili cha mvule kisichochimbwa ndani hupita kilo 3.4 kabla bomba la kwanza halijasimamishwa. Modeli kama hiyo itaelea, ila itaelea ikiwa imezama kupita mstari wake wa maji, kama jahazi lililopakiwa kwa tamaa. Msufi ni mwepesi na hukatika vizuri, ingawa nyuzi zake hunyanyuka chini ya msasa na huhitaji kuzibwa kwa tabaka kadhaa za vanishi. Mwembe, unaochongwa mitumbwi, uko katikati. Mpingo wa Kilwa usifikiriwe kabisa kwa kiwiliwili, kwa kuwa huzama wenyewe ukitiwa majini. Unafaa kwa kitako cha kuonyeshea na kwa vitu vidogo vinavyotaka kuchongwa kwa ukali bila kumeguka. Mabaki yanayopatikana kwenye karakana za samani yanatosha kwa kazi yote.

Mafundi wa majahazi wa pwani hupandisha mbao za ubavu kwanza na kuingiza mataruma baadaye, wakiongozwa na jicho. Ujuzi huo ni mkubwa kuliko unaohitajika hapa, na kwa namna fulani ni kikwazo, kwa sababu kruza ya chuma haina mkunjo ambao jicho la fundi wa jahazi limezoea. Ubavu wake ni mrefu na umenyooka, omo yake imechongoka kwenda mbele chini ya maji, na kosa la milimita mbili kwenye mstari ulionyooka huonekana upesi kuliko kosa la sentimita kwenye mkunjo. Inahitajika michoro ya mistari ya kiwiliwili, ikuzwe hadi 1:100, ichapwe kwa vipande na kuunganishwa, na kila kipande kipimwe kwa rula baada ya kuchapwa, kwa sababu mashine nyingi za steshenari hupunguza ukubwa ili picha iingie kwenye ukurasa. Mstari wa sentimita kumi uliochorwa pembeni ya mchoro kabla ya kuchapa hufichua jambo hilo mara moja.

Njia rahisi ni ya tabaka. Mbao za unene wa sentimita moja hukatwa kila moja kwa umbo la meli katika kina chake: ya chini kabisa nyembamba na fupi, zinazofuata pana zaidi, hadi sitaha. Kabla ya kugandishwa, kila tabaka hutobolewa katikati kwa msumeno mwembamba na kuachiwa ukuta wa sentimita moja na nusu, hivyo kiwiliwili hutoka kikiwa tayari kina uwazi ndani. Gundi nyeupe ya maseremala inashika vizuri lakini nyingi hulegea zikikaa majini. Modeli itakayoelea itumie ile iliyoandikwa kuwa haiyeyuki kwa maji, au araldaiti. Tabaka zikishakauka huonekana kama ngazi. Ngazi hizo hupunguzwa kwa randa ndogo na tupa, na umbo hukaguliwa kwa vibao vya kadibodi vilivyokatwa kufuata mchoro, kimoja kila sentimita kumi. Kibao kikigusa kila mahali bila mwanga kupita, sehemu hiyo imekwisha na haifai kuguswa tena. Mashimo madogo huzibwa kwa fila wanayotumia mafundi wa kunyoosha bodi za magari. Ipakwe kidogo kidogo, kwani ni nzito.

Jaribio la kuelea lifanywe mapema, kabla ya sitaha kufungwa. Shimo la urefu wa mita moja na nusu lililotandikwa turubai na kujazwa maji linatosha, na ni bora kuliko ufukwe wa Lindi, ambako hata siku ya shwari wimbi dogo huipindua modeli isiyo na uzito chini. Kiwiliwili kipakwe vanishi kwanza, kisha kipakiwe chubwi za nyavu hadi kifike mstari wa maji. Chubwi hizo zikipimwa kwenye mizani ya duka, mjenzi hujua amebakiwa na uzito gani kwa mabomba, mizinga na milingoti. Maji ya kisima ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo modeli iliyosawazishwa kuelea baharini itazama kidogo zaidi shimoni. Tofauti kwa Königsberg ya 1:100 ni gramu 80 hivi. Chubwi za mwisho zigandishwe chini kabisa, juu ya mkuku, kwa sababu meli hii ni nyembamba na mabomba yake matatu yanaivuta pembeni.

Mizinga ndiyo hutazamwa kwanza na kila mgeni. Mdomo wa mzinga wa Königsberg ulikuwa na kipenyo cha sentimita 10.5 na bomba lenye urefu wa vipenyo arobaini, yaani mita 4.2. Katika 1:100 ni kijiti cha sentimita 4.2 chenye tundu la milimita moja. Kijiti cha mishikaki hufaa: huzungushwa ndani ya msasa uliokunjwa hadi kipungue kuelekea mdomoni, kisha tundu hutobolewa kwa sindano nene kabla ya kijiti kukatwa, maana kikikatwa kwanza hupasuka. Itengenezwe kumi na tano na kuchaguliwa kumi inayolingana. Anayetaka kuona mzinga wenyewe ataukuta nje ya Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko kwenye majengo ya serikali mjini Pretoria. Saa moja ya kuutazama wa Mombasa kwa kipimo cha mkanda na kamera ina faida kuliko picha zote za intaneti, kwa kuwa inaonyesha vichwa vya misumari na jinsi kitako kinavyokaa.

Reli hutengenezwa kwa nyaya nyembamba za shaba kutoka mota ya feni iliyoungua. Waya huvutwa kwa koleo hadi unyooke, vanishi yake hukwanguliwa kwa wembe, na vipande hulehemiwa juu ya kibao chenye misumari midogo iliyopangwa kwa nafasi sawa. Supaglu nayo inashika, lakini katika hewa yenye unyevu hugandisha haraka kuliko mkono unavyoweza kurekebisha, na huacha ukungu mweupe pembeni. Kamba za milingoti zisitengenezwe kwa nailoni ya nyavu inayong'aa bila kupakwa rangi, kwani mng'ao wake huharibu kipimo chote cha macho.

Kabla ya rangi, mjenzi achague tarehe moja. Meli ya Juni 1914, iliyopokewa kwa shangwe Dar es Salaam, si meli ya Julai 1915, iliyokaa miezi minane matopeni ikiwa imefunikwa matawi ya miti isionekane kutoka juu, mabaharia wake wakiwa wagonjwa na baadhi ya mizinga ikiwa imeishiwa risasi. Ya kwanza hutaka usafi. Ya pili hutaka kutu, chumvi na majani, na kuzungukwa na mikoko: shina la waya, mizizi ya makumbi ya nazi iliyochovywa kwenye gundi. Kwa jicho la mwandishi wa makala hii, ya pili ina maana zaidi, na pia huficha makosa. Picha za wakati ule ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hakuna wa kushindana naye kuhusu kiwango kamili cha kijivu.

Rangi za kupuliza za mafundi wa magari hupatikana kila mji na huchanganywa kijivu chochote kinachotakiwa. Zinafaa kwa mbao. Kwenye plastiki ni hatari, kwani tina yake huyeyusha. Seti ya Revell au Tamiya ipakwe rangi za modeli za maji, au ijaribiwe kwanza kwenye fremu iliyobaki baada ya vipande kukatwa. Hali ya hewa ni muhimu kuliko chapa. Rangi inayopulizwa asubuhi yenye umande, au katikati ya mvua zinazoanza Novemba na kuishia Mei, hupauka na kuwa na ukungu mweupe. Miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Oktoba, mchana, ndani ya chumba kisicho na upepo, ndiyo miezi ya kupuliza. Mvua ziwe za kuchonga na kulehemu.

Anayeona Königsberg kuwa mzigo mkubwa kwa mara ya kwanza aanze na adui yake. Severn ilijengwa na Vickers kwa ajili ya Brazil, ifanye kazi mitoni, na Waingereza wakainunua mwaka 1914. Ilikuwa na urefu wa mita 81.3, upana wa mita 14.9, na ilizama mita 1.7 tu. Katika 1:100 ni kiwiliwili cha sentimita 81 chenye chini bapa, tabaka chache, na kina cha sentimita 1.7 majini, umbo ambalo mwanafunzi wa useremala analiweza. Mizinga yake mikubwa ni miwili ya inchi 6, pamoja na mizinga mifupi miwili ya inchi 4.7. Chaguo jingine ni Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, ambayo wakati wa vita ilibeba mzinga mmoja wa Königsberg na leo inajulikana kama MV Liemba. Ina mita 71, bomba moja la moshi, na picha zake za rangi ni nyingi.

Modeli iliyokamilika hupata maadui wapya. Mchwa hula kitako cha plaiwudi na kupanda hadi kwenye kiwiliwili bila kuonekana, kwa hiyo kasha liwe na miguu ya chuma na lisiguse ukuta. Mafuta ya maganda ya korosho huwazuia, lakini huchoma ngozi na kuacha doa jeusi. Yapakwe upande wa chini wa kitako tu, kwa brashi na glovu. Chini ya bati lisilo na dari joto la mchana hupindisha plastiki, na jua la dirishani hupausha rangi upande mmoja. Vumbi huondolewa kwa brashi laini ya kupakia poda, kutoka omo kwenda tezi, milingoti ikiachwa mwisho. Modeli ikisafirishwa, milingoti ing'olewe. Kwa sababu hiyo ni vizuri itiwe kwenye matundu yake bila gundi tangu siku ya kwanza, ikishikiliwa na kamba zake tu.